Kutembea Tena Baada ya Kiharusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mazoezi Tiba

Majibu haya yamekusudiwa mtu aliyepata kiharusi pamoja na wale wanaomhudumia. Yanahusu kutembea tu. Mkono, usemi na kumeza ni mambo yanayohitaji maelezo yake. Hayawezi pia kushika nafasi ya mtaalamu aliyemwona na kumpima mgonjwa, kwa kuwa watu wawili waliopata kiharusi siku moja wanaweza kuhitaji mazoezi tofauti kabisa.

Mguu wangu haukuumia popote. Kwa nini basi unakataa kutembea?

Ni kweli kwamba mguu wenyewe hauna jeraha. Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo huendesha upande wa kushoto wa mwili, na wa kushoto huendesha wa kulia, amri zinazoteremka kwenda kwenye mguu wa upande mmoja hufika zikiwa dhaifu, zimechelewa au zimechanganyika. Ndiyo maana mgonjwa akitaka kukunja goti peke yake huweza kuona nyonga, goti na kifundo vyote vikinyooka au kujikunja kwa pamoja, kana kwamba mguu mzima ni kipande kimoja.

Tatizo haliishii kwenye nguvu. Wengine hupoteza hisia za unyayo, wakawa hawajui mguu umekanyaga wapi mpaka wautazame. Wengine hupoteza usawa wa mwili, na wapo ambao ubongo wao husahau kabisa upande mmoja, wakagonga kizingiti cha mlango ambacho macho yao yanakiona vizuri. Juu ya hayo huja udhaifu wa pili unaotokana na kulala na kukaa muda mrefu: misuli ya paja husinyaa na moyo huzoea kazi ndogo. Huu wa pili hutajwa mara chache, nao ndio unaozuilika kwa urahisi zaidi.

Mazoezi yanawezaje kusaidia ikiwa sehemu ya ubongo imekwisha kufa?

Seli zilizokufa hazirudi. Hata hivyo, sehemu zilizo jirani na zile za upande wa pili zinaweza kujifunza kubeba baadhi ya kazi zilizopotea, na njia za neva zinazotumiwa mara nyingi huimarika. Ubongo hujifunza kile hasa unachofanyishwa. Mtu anayefanya mazoezi ya kuinua mguu akiwa amelala hupata ustadi wa kuinua mguu akiwa amelala. Anayetaka kutembea hana budi kutembea, au kufanya jambo linalokaribia sana kutembea, mara nyingi na kwa bidii. Karibu kila jibu linalofuata linatokana na hoja hiyo.

Mazoezi yaanze siku ya ngapi?

Mapema, lakini si kwa pupa. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kadiri mgonjwa anavyoinuliwa kitandani haraka ndivyo anavyopona vizuri. Utafiti mkubwa uitwao AVERT, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015 na ambao ulihusisha wagonjwa 2,104 katika nchi 5, ulijaribu kuwainua wagonjwa ndani ya saa 24 za kwanza, mara nyingi na kwa muda mrefu. Baada ya miezi 3, waliofanyiwa hivyo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa katika hali nzuri kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Ikumbukwe kwamba hata hao wa huduma ya kawaida walianza kuinuliwa mapema, wengi wao siku iliyofuata, ila kwa kiasi. Katika siku ya kwanza, basi, mgonjwa akae na asimame kwa vipindi vifupi kadiri wahudumu watakavyoona inafaa. Mazoezi mazito yafuate hali ya mwili ikishatulia.

Je, nitatembea tena?

Hili ndilo swali ambalo kila mgonjwa huuliza kwanza, na anastahili jibu lenye takwimu badala ya kupigwapigwa begani. Utafiti uliofanyika Copenhagen nchini Denmark na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba mwishoni mwa matibabu, asilimia 64 ya walionusurika walitembea bila msaada, asilimia 14 walitembea kwa kusaidiwa, na asilimia 22 hawakuweza kutembea. Nchini Uholanzi, watafiti waliwapima wagonjwa ambao hawakuweza kutembea katika saa 72 za kwanza kwa mambo mawili mepesi: kama mgonjwa anaweza kukaa kwa sekunde 30 bila kushikiliwa, na kama anaweza kusogeza mguu uliopooza walau kidogo. Waliomudu yote mawili walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 98 wa kutembea wenyewe baada ya miezi 6. Walioshindwa yote mawili walikuwa na takriban asilimia 27, na ikiwa hali hiyo iliendelea hadi siku ya 9, uwezekano ulishuka hadi asilimia 10 hivi.

Takwimu hizo zihesabiwe kama mwongozo wa kupanga kazi. Asilimia 10 maana yake ni mtu 1 katika kila 10, na hakuna anayeweza kumtambua mtu huyo mapema kabla hajapewa nafasi ya kujaribu.

Ni mazoezi gani hasa yanayorudisha kutembea?

Zoezi ambalo ningelitanguliza kwa karibu kila mgonjwa ni kuinuka kitini na kukaa tena, kwa sababu hakuna anayetembea bila kwanza kusimama, na kwa sababu linajenga paja, nyonga na usawa wa mwili kwa wakati mmoja. Lifanyike hivi. Kiti kiwe imara, kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani, na kiwe na urefu unaofanya magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Mgonjwa asogee hadi ukingoni mwa kiti, kisha avute miguu nyuma mpaka visigino viwe nyuma kidogo ya magoti. Mguu dhaifu uwekwe nyuma kidogo kuliko ule wenye nguvu. Hatua hii ndogo hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayoulazimisha mguu dhaifu kubeba sehemu yake ya uzito badala ya kusindikizwa. Ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu na kunyanyuka. Kushuka kufanyike polepole zaidi kuliko kupanda, kwa kuwa misuli hufanya kazi kubwa inapozuia mwili usidondoke. Anayeweza kurudia mara 10 bila shida atafute kiti kifupi zaidi, au aache kutumia mikono.

Baada ya hapo huja kusimama na kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kupanda na kushuka kidaraja kimoja kifupi, kupiga hatua za pembeni huku mkono umeshika meza nzito, na kugeuka. Kugeuka kusidharauliwe, maana wengi huanguka wanapogeuka na si wanapokwenda mbele. Kisha kuna kutembea kwenyewe: kwanza kwa mwendo wowote unaowezekana, halafu kwa kasi zaidi, halafu mahali penye sakafu isiyo sawa, penye watu, huku mgonjwa akibeba kitu au akizungumza.

Mazoezi ya kuongeza nguvu za misuli kwa uzito au kwa mpira wa kuvuta yana faida yake, na miongozo ya Marekani inapendekeza yafanyike siku 2 hadi 3 kwa wiki, marudio 10 hadi 15 kwa kila zoezi. Lakini nguvu zilizopatikana kitini hazijigeuzi zenyewe kuwa hatua. Zinapaswa kupelekwa kwenye kutembea siku ileile.

Kiasi gani kinatosha?

Kwa kawaida ni kikubwa kuliko kile ambacho mgonjwa hupewa. Watafiti waliokaa na kuhesabu hatua katika vikao vya fiziotherapia huko Marekani na Kanada walikuta, katika ripoti yao ya mwaka 2009, wastani wa hatua 357 tu kwa kikao. Mtu mzima wa kawaida huzimaliza kabla asubuhi haijaisha. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2023 unataka mgonjwa anayeweza kuhimili apewe angalau saa 3 za tiba kwa siku, siku zisizopungua 5 kwa wiki, ukijumlisha tiba zote pamoja na ya usemi na ya shughuli za kila siku. Pale ambapo huduma hiyo haipatikani, sehemu kubwa ya kazi itafanyika nyumbani, na mgonjwa anapaswa kuondoka kwa mtaalamu akiwa na orodha ya mazoezi aliyoonyeshwa kwa vitendo.

Ugumu nao ni muhimu sawa na muda. Mapendekezo ya Marekani ya mwaka 2014 kwa mazoezi ya moyo na mapafu ni siku 3 hadi 5 kwa wiki, dakika 20 hadi 60 kwa kikao, ambazo zinaweza kugawanywa katika vipindi vifupi. Kwenye kipimo cha Borg, ambacho mtu hutaja mwenyewe jinsi anavyojisikia kuanzia 6 hadi 20, lengo ni kati ya 11 na 14. Kwa lugha nyepesi, pumzi iwe imeongezeka, mgonjwa aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Anayetumia dawa za shinikizo la damu za kundi la bita bloka asitegemee kuhesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa hizo huyazuia kupanda hata pale mwili unapofanya kazi ngumu.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha kutembea kwa vipindi vifupi vya kasi ya juu kabisa na kutembea kwa kasi ya wastani, mara 3 kwa wiki kwa wiki 12, miongoni mwa watu ambao walikuwa wamekwisha pita miezi 6 tangu kiharusi. Kundi la kasi ya juu liliongeza zaidi umbali wa kutembea. Mazoezi ya namna hiyo yasianzwe kabla moyo haujapimwa na daktari.

Je, mashine ni bora kuliko mazoezi ya kawaida?

Mara nyingi sivyo. Nchini Marekani, utafiti wa LEAPS wa mwaka 2011 uliwagawa watu 408 katika makundi: baadhi walitembea kwenye mashine ya mkanda huku mwili umening'inizwa kwa mikanda ili kupunguza uzito, na wengine walifanya mazoezi ya nguvu na usawa nyumbani wakisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Baada ya mwaka 1, asilimia 52 ya washiriki wote walikuwa wamepanda kiwango cha uwezo wa kutembea, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya mashine na nyumbani. Familia inayofikiria kuuza mali ili kulipia mashine ya gharama kubwa ingefaa kuujua ukweli huo kwanza.

Roboti zinazosogeza miguu zina nafasi yake kwa mtu ambaye bado hawezi kutembea kabisa, hasa katika miezi 3 ya mwanzo, zikiongezwa juu ya fiziotherapia ya kawaida. Kwa anayetembea tayari, mashine ya mkanda ya kawaida inaweza kuongeza kasi na ustahimilivu.

Vidole vya mguu vinaburuza chini. Nifanye nini?

Tazama soli ya kiatu cha upande dhaifu: ikiwa imelika zaidi kwenye ncha ya vidole kuliko kwenye kisigino, misuli inayoinua unyayo haifanyi kazi ya kutosha, na hatari ya kujikwaa ni kubwa. Mtaalamu anaweza kupendekeza kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu na kushikilia kifundo kisidondoke. Kipo pia kifaa cha umeme mdogo kinachofungwa chini kidogo ya goti na kuamsha neva ya misuli hiyo kila mguu unapoinuliwa. Tafiti zilizovilinganisha vifaa hivi viwili zimeonyesha maboresho ya mwendo yanayokaribiana. Kifaa chochote kinachovaliwa kikaguliwe kila siku kwa alama nyekundu kwenye ngozi, hususan kwa mtu aliyepoteza hisia. Viatu viwe vimefunika kisigino, ndala hazifai.

Mkongojo ushikwe mkono gani?

Mkono wa upande wenye nguvu. Mkongojo hutangulia au huenda pamoja na mguu dhaifu, kisha mguu wenye nguvu hufuata. Kwenye ngazi, mguu wenye nguvu hutangulia wakati wa kupanda, na mguu dhaifu hutangulia wakati wa kushuka. Wapo wanaoogopa kwamba mkongojo utawafanya wazembe. Hofu hiyo imewaweka kitini watu wengi ambao wangekuwa wanatembea.

Mguu umekakamaa. Je, mazoezi ya nguvu yatauzidishia ugumu?

Hofu hii ilifundishwa zamani hata vyuoni, lakini tafiti hazijaonyesha kwamba kuimarisha misuli huongeza kukakamaa. Kunyoosha misuli kwa mkono kwa dakika chache kila siku, kwa upande mwingine, kumeonekana kuwa na matokeo madogo kuliko inavyodhaniwa, hivyo kusimeze muda wote wa kikao. Iwapo ukakamavu unapinda unyayo ndani au unaleta maumivu, daktari anaweza kuchoma sindano ya botulinamu kwenye misuli husika. Sindano hiyo hulegeza kwa miezi michache. Faida yake hupatikana endapo mgonjwa ataitumia miezi hiyo kufanya mazoezi.

Ninamsaidia mzazi wangu kutembea. Nisimame wapi?

Simama upande dhaifu, nyuma kidogo, mkono mmoja ukiwa kiunoni mwake au kwenye mkanda imara aliofungwa. Usimvute kwa mkono uliopooza hata mara moja, wala usimnyanyue kwa kumshika kwapani, kwa kuwa bega lililolegea hutoka kwenye maungio yake kwa urahisi na maumivu yake yanaweza kudumu kwa miezi. Usimbebe. Mpe muda wa kujaribu, na uongeze msaada pale tu anapokwama. Wengi wetu tuliolelewa kuwaheshimu wazazi huona ni kukosa adabu kumwacha baba akihangaika na kiti wakati mikono yetu ipo, lakini kila anaponyanyuliwa bure amepoteza zoezi moja.

Akianguka, usimwinue upesi. Hakikisha kwanza kwamba hana maumivu ya nyonga wala hakugonga kichwa, hasa ikiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda; akiwa na maumivu hayo au amegonga kichwa, asisogezwe na msaada wa hospitali utafutwe. Kama yuko salama, leta kiti karibu, ageuke upande wake wenye nguvu, apige magoti akikishika, kisha asukume kwa mguu wenye nguvu. Inafaa njia hii ifanyiwe mazoezi na mtaalamu kabla haijahitajika.

Ninachoka kupita kiasi. Je, nipumzike mpaka uchovu uishe?

Uchovu baada ya kiharusi ni jambo la kweli na hauhusiani na uvivu. Unaweza kumpata hata mtu ambaye mguu wake umepona. Kuusubiri uishe hakusaidii, kwani mwili usiotumika huchoka haraka zaidi. Weka mazoezi katika saa ambazo una nguvu nyingi, yagawe katika vipindi vifupi, na pumzika kabla hujaishiwa. Mweleze daktari pia, kwa kuwa usingizi mbaya, huzuni ya muda mrefu, upungufu wa damu na baadhi ya dawa huongeza uchovu na vyote vina tiba.

Miaka miwili imepita. Je, nimechelewa?

Hujachelewa. Utafiti wa Copenhagen uliotajwa juu ulionyesha kwamba asilimia 95 ya wagonjwa walifikia kiwango chao cha juu cha kutembea ndani ya wiki 11, na matokeo hayo yamewafanya wahudumu wengi kuwaambia watu kwamba baada ya miezi 3 au 6 mlango umefungwa. Kipimo kilichotumika kilihesabu hatua kubwa za kupona, kama vile kutoka kusaidiwa hadi kujitegemea. Kasi, umbali na ustahimilivu ni mambo mengine. Katika LEAPS, hata kundi lililoanza mazoezi ya mashine miezi 6 baada ya kiharusi lilipata maendeleo, na ule utafiti wa kasi ya juu ulihusisha watu waliopita muda huo. Kinachobadilika ni kwamba baada ya miezi ya mwanzo mwili haujiponyi wenyewe kama awali, hivyo maendeleo hutegemea zaidi kazi inayofanywa, na faida hupotea mazoezi yakiachwa.

Nitajuaje kama ninaendelea vizuri?

Pima, kwa sababu hisia hudanganya kuelekea pande zote mbili. Weka alama za mita 10 sakafuni, ukiacha nafasi kabla na baada ya alama, kisha mtu akuhesabie sekunde. Anayetumia zaidi ya sekunde 25 anatembea chini ya mita 0.4 kwa sekunde, kasi ambayo kwa kawaida humweka mtu ndani ya nyumba. Kati ya sekunde 25 na 12.5, mtu huweza kutoka nje lakini kwa mipaka. Chini ya sekunde 12.5, yaani zaidi ya mita 0.8 kwa sekunde, wengi huweza kwenda watakako. Ongezeko la takriban mita 0.16 kwa sekunde katika miezi ya mwanzo huhesabiwa kuwa mabadiliko ambayo mgonjwa atayaona katika maisha yake. Kipimo kirudiwe mara moja kwa mwezi, saa ileile na kwa viatu vilevile.

Ni dalili gani zinazonitaka nisimamishe mazoezi mara moja?

Maumivu au mbano wa kifua, kizunguzungu kikali, mapigo ya moyo yanayorukaruka, au pumzi isiyotulia baada ya kupumzika. Shavu la mguu lililovimba upande mmoja, lenye joto na maumivu, linaweza kuwa na damu iliyoganda, na halipaswi kukandwa wala kufanyishwa mazoezi kabla ya kuonwa na daktari. Uso unaopinda ghafla, mkono unaolegea upya, usemi unaokwama au maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida ni dalili za kiharusi kingine: andika saa dalili zilipoanza na umpeleke mgonjwa hospitali papo hapo, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoziba mshipa kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tu tangu saa hiyo.